Usilale Bila Viatu

Ulyankulu, Tabora
3 Septemba 2024

Mpendwa Agnetha,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, ila baba yako kiuno kimemrudia tangu alipobeba sanduku lako kichwani hadi stendi, akakataa mkokoteni wa bure. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, nimeshindwa kumfundisha tangu akiwa mgongoni. Mwanangu Octavian anafyatua matofali na anasema anakusalimu. Kuku wawili wameibwa, na mwizi ninamjua, Jumapili alikaa benchi la mbele.

Sasa nikuulize. Mtu gani anamwacha shangazi yake katikati ya sentensi? Nilikuwa nimesema "la kwanza," wewe ukapanda basi. Nilibaki stendi nimenyoosha kidole kimoja, watu wananitazama. Miaka thelathini na moja nimefundisha darasa la kwanza, na hakuna mtoto wa miaka saba aliyewahi kunifanyia hivyo.

Kwa hiyo naandika. Usiniambie habari ya simu. Sikio langu la kushoto halisikii, na la kulia linachagua. Ujumbe ananisomea Octavian, na Octavian akishasoma, Ulyankulu nzima imesoma.

Pasi yako ya kusafiria usimpe mtu akushikie, hata awe padri. Ukiingia nyumba ya kulala, tafuta mlango wa pili kabla hujaweka mzigo chini. Ukiulizwa uko na nani, sema kuna mtu yuko mbele anakungojea. Chakula usimalize chote, bakiza kitu mfukoni. Na usilale bila viatu. Najua utacheka. Cheka, lakini uwe umevaa.

Hao wazee wa Kijerumani unaokwenda kuwahudumia ni wazee kama wazee wengine. Wasalimie kwanza.

Ni mimi shangazi yako,
Josepha

*

Altenried, Ujerumani
9 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Natumaini kiuno cha baba kimepoa na mwizi wa kuku ameungama. Mimi ni mzima. Mji ni mdogo na mzuri. Chumba changu kiko juu kabisa kwenye hiyo hiyo nyumba ya wazee, ni kizuri, kina joto. Wenzangu kazini ni wazuri. Chakula ni kizuri, ingawa jioni wanakula mkate baridi kama watu waliopatwa na msiba. Kijerumani nilichosoma miezi sita Dar kinanisaidia vizuri, wakisema polepole.

Asante kwa mawaidha. Shangazi, nina miaka ishirini na mbili. Nimekuja na mpango wa parokia, kuna mkataba, kuna bima, kuna namba ya kupiga ukipata shida. Mlango wa pili upo, umeandikwa kwa taa ya kijani. Mkate niliobakiza mfukoni ulifuliwa pamoja na sare, nikaaibika mbele ya mama wa dobi. Na siku ya pili msimamizi wetu, Bi Kessler, alikuja kuniamsha, akanikuta nimelala na raba. Aliniuliza kama kwetu hakuna vitanda. Nilitamani sakafu inimeze.

Kwa hiyo viatu nimevua. Usikasirike. Nilidhani unalala navyo ukiwa safarini tu kwa sababu ya baridi ya miguu.

Kila kitu ni kizuri.

Mwanao,
Agnetha

*

Ulyankulu
17 Novemba 2024

Mpendwa Agnetha,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua imeanza. Baba yako yuko shambani anapanda mahindi huku ameinama upande mmoja kama herufi iliyoandikwa na mtoto. Octavian ameambiwa na daktari aache kubeba matofali wiki tatu, akaacha siku mbili.

Barua yako ina neno "zuri" na ndugu zake mara sita. Nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mtu aliye mzima hasemi hivyo. Mtu aliye mzima analalamika. Umelalamikia mkate tu. Hicho ni kidogo mno kwa mtoto wa Alois.

Wazee unaowahudumia hukunitajia hata mmoja kwa jina. Umeandika habari ya dobi, ya taa, ya bima. Nani anakusumbua? Jibu hilo, na uliandike kwa urefu.

Kuhusu viatu, mimi sina baridi ya miguu. Vaa.

Shangazi yako,
Josepha

*

Altenried
20 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Heri ya Noeli kwako, kwa baba na kwa Octavian. Barua yako imefika jana na nimeisoma nimesimama.

Umetaka jina. Anaitwa Bibi Lemke. Ana miaka themanini na nane, mdogo, mkavu, mikono yake ni mifupa mitupu. Asubuhi ni mpole kuliko wote. Ananifundisha majina ya ndege wanaokuja dirishani. Lakini hapa wazee wakishakula mchana wanalazwa kidogo, na kila siku akilazwa ni vita. Hataki kuvuliwa viatu. Ukigusa kamba tu anapiga mateke, anapiga kelele. Mwezi uliopita aliniuma mkono, alama ninayo. Wenzangu wanamshika wawili, wa tatu anavua. Mimi nilikuwa wa tatu, Shangazi. Kwa sababu ni mgeni na sipaswi kubishana.

Wiki mbili zilizopita nilibaki naye peke yangu. Akanitazama, akasema, "Tafadhali." Neno moja tu. Nikamwacha na viatu vyake, nikamfunika, akalala kabla dakika mbili hazijaisha. Alikuwa ametoka bustanini. Shuka zikajaa tope.

Bi Kessler alinisimamisha mbele ya wenzangu. Alisema viatu vinaleta vidonda, vinaleta uchafu, na kama mtoto wa Bibi Lemke angekuja akaona, nyumba nzima ingeingia matatani. Nimepewa barua ya onyo. Nikipata ya pili mkataba unavunjwa, narudishwa nyumbani. Baba usimwambie. Parokia nzima ilinichangia sala na sanduku, nitarudi na uso gani?

Sasa na mimi nakuuliza swali moja. Maisha yangu yote nimekuona ukilala msibani, au mjini Tabora hospitali, na hujawahi kuvua viatu. Kwa nini? Nijibu, kwa sababu nadhani wewe unajua kitu juu ya Bibi Lemke ambacho hapa hakuna anayekijua.

Agnetha

*

Ulyankulu
30 Januari 2025

Mpendwa Agnetha,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumbaku mwaka huu imesimama vizuri kwa majirani. Barabara ya kwenda Tabora imekatika sehemu mbili, ndiyo maana barua hii itachelewa. Octavian ameahidi kuipeleka, na ahadi za Octavian unazijua. Mahindi yamefika magotini. Paka amezaa kwenye kabati la vitabu vyangu.

Msikilize msimamizi wako. Umekwenda kufanya kazi, hukwenda kubadilisha nchi ya watu. Akisema vua, vua.

Mengine si ya kuandikwa.

Josepha

*

Altenried
4 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi kusikia habari za paka.

Nimekuuliza swali moja. Moja! Umenijibu tumbaku, barabara, mahindi na paka. Wewe uliyeniambia mtu aliye mzima analalamika. Miezi sita unanipa amri na huniambii sababu, halafu siku ninayokuamini unaniambia nimtii Bi Kessler, mtu ambaye hata hujamwona.

Nikueleze kilichotokea baada ya kumtii. Bibi Lemke sasa anapewa dawa ya kumtuliza kabla ya kulazwa. Hapigi tena mateke. Hapigi kelele. Pia hali chakula. Hanitajii ndege. Ananitazama kama mtu anayetazama ukuta, na viatu vinavuliwa bila shida yoyote. Wenzangu wanasema sasa kazi imekuwa rahisi. Nikisikia hivyo natoka nje.

Kama hujui kitu, niambie hujui, nitaacha kukusumbua. Kama unajua, unamwadhibu nani kwa kunyamaza?

Nisamehe kwa ukali. Sijaufuta kwa sababu ni wa kweli.

Agnetha

*

Ulyankulu
2 Aprili 2025

Agnetha,

Tumsifu Yesu Kristo. Wote wazima.

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Siku ya kwanza niliiandikia jibu la kukugombeza, kurasa mbili, mwandiko mzuri. Nimelitia motoni. Hili hapa ndilo jibu.

Unajua kwamba tulikimbilia hapa kutoka Burundi wakati wa mauaji ya mwaka sabini na mbili. Kila mtu Ulyankulu anajua hivyo juu ya kila mtu, kwa hiyo hakuna anayeuliza zaidi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba yetu alitoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi, na siku ya tatu mama alimfunga Alois mgongoni, akanishika mkono, tukaondoka na majirani.

Nilikuwa na viatu vya turubai, vyeupe, baba alininunulia kwa ajili ya komunyo ya kwanza. Vilinichuna kisigino. Mama akaniambia, "Usivivue, hata tukipumzika. Usivivue." Siku ya pili ya safari, saa sita mchana, tulijificha kwenye shamba la migomba. Mama alipogeuka kumnyonyesha Alois, nilivivua. Kidogo tu, nipumue. Nikapitiwa na usingizi.

Niliamshwa na watu wanakimbia. Mama alikuwa tayari ameninyanyua, ameshika mkono wangu, anasema, "Twende, twende." Nikaona viatu vyangu vimebaki pale chini. Nikauchomoa mkono wangu, Agnetha. Nikarudi kuvifuata. Cha kushoto nilikiona upesi. Cha kulia kilikuwa chini ya jani kavu. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu.

Nilitembea siku tatu na watu nisiowajua. Kila aliyeniuliza niko na nani nilimwambia mama yuko mbele ananingoja, kwa sababu niliona mtoto asiye na mtu anavyoachwa. Muhogo waliponipa, nilikula nusu. Tukavuka mpaka, tukapakiwa malori, wengine wakaletwa huku. Mama nilimwona baada ya miezi kumi na moja, hapa Ulyankulu, kwenye foleni ya unga. Aliponiona alinizaba kofi, kisha akakaa chini ardhini mbele ya watu wote.

Hayo ningeweza kuyaandika siku nyingi. Linalonishinda ni hili. Mama, yaani bibi yako, mpaka alipokufa, alikuwa akisema, "Nilimwachia mtoto mkono." Alimwambia padri. Alimwambia baba yako. Wewe mwenyewe umemsikia. Kila Mei, mwezi tuliokimbia, alifunga kula kwa ajili ya hilo. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, nachambua mchele, na sikumwambia hata siku moja kwamba hakuniachia. Nilikuwa mtoto, kisha nikawa mwalimu, kisha nikawa mzee, na sikumwambia. Sasa amekufa.

Ndiyo sababu sivui. Si woga. Ni kwamba neno lake moja, "Usivivue," ndilo ninaloweza kulitii bado.

Huyo bibi yako ana themanini na nane. Fanya hesabu. Alipokuwa mtoto kwao kulikuwa na vita, hata sisi tulifundisha vita hiyo darasani. Usimwulize habari ya viatu. Mwulize alitembea kutoka wapi.

Na acha kutoka nje. Kaa naye.

Josepha

*

Altenried
11 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Nilisoma barua yako chumbani, nikashuka moja kwa moja kwa Bibi Lemke. Ilikuwa asubuhi, kabla ya dawa. Sikumwuliza. Nilimsimulia habari yako, kwa Kijerumani changu cha kuokoteza. Turubai sikujua wanaiitaje, nikasema "kiatu cha hema." Nilipofika kwenye jani kavu alinishika kifundo cha mkono.

Aliniuliza, "Alimpata mama yake?"

"Alimpata."

Kisha akasema, "Mimi sikumpata."

Alikuwa na miaka minane. Kwao ni upande wa mashariki, mahali ambapo leo ni nchi nyingine. Walikimbia wakati wa theluji, wamelala kwenye ghala la majani, mama yake akambeba mdogo wake, akaenda kumtafutia maziwa. Amri ikatoka watu waondoke. Yeye alikuwa bila viatu, akapakiwa gari la ng'ombe amebebwa kama gunia, anapiga kelele kwamba mama anakuja. Hakumwona tena mama yake, wala yule mdogo. Shangazi, amekaa na hilo miaka themanini. Mtoto wake, Bwana Dieter, ana miaka sitini na moja, alikuwa halijui. Nilimwita Bi Kessler asikilize mlangoni, na Bi Kessler akampigia Dieter simu, akaja jioni ile ile amevaa nguo za kazi.

Nikwambie yalivyoisha, maana najua utasema nimekata habari. Daktari amepunguza dawa polepole, na wiki iliyopita ameiondoa. Dieter amenunua viatu vyepesi vya ngozi, vipya, havikanyagi nje kabisa. Ni vya kitandani. Tunamkagua miguu kila asubuhi, haina kidonda. Anakula. Jana amenisahihisha jina la ndege kwa ukali, nikafurahi kama nimepewa zawadi.

Onyo langu Bi Kessler hakulifuta. Alisema limeandikwa, na kilichoandikwa kinabaki kwenye faili. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Lakini alisema ningemwita kabla ya kuweka tope kwenye shuka, asingeliandika, na hapo nikamkubalia. Mkataba wangu unaendelea hadi Agosti.

Sasa mimi ndiye nataka kukugombeza. Umeniambia mimi, niliye mbali huku. Baba je? Amekua akimsikia mama yake akijilaumu. Alikuwa mgongoni siku ile. Mwambie. Usimwandikie, ana nyumba mita mia moja kutoka kwako. Nenda.

Mwanao,
Agnetha

*

Mpakani, upande wa Burundi
26 Juni 2025

Agnetha mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandikia gotini.

Nilikwenda kwa baba yako Jumapili baada ya misa. Nilimsimulia yote, na la mkono. Aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Dada, ulikuwa na miaka tisa." Nikamwambia hesabu naijua, nimeifundisha. Akasema, "Basi mama angekuzaba kofi la pili, mambo yakaisha." Akacheka, halafu akalia, halafu akasema kiuno kinamuuma, akatoka. Ndivyo alivyo. Lakini jioni alirudi na kitambulisho chake mkononi, akaniuliza hati ya kusafiria inaombwa ofisi gani. Nikamwambia kwa kiuno hicho hafiki hata Kaliua. Tumegombana wiki nzima. Nimekuja peke yangu.

Sijui nakwenda kufanya nini. Lile shamba la migomba sitalijua, na kama bado lipo ni la mtu. Nataka tu kutembea kidogo njia ile kwa mwendo wangu mwenyewe.

Kwenye treni ya kutoka Tabora hadi Kigoma nimekaa na mama mmoja wa Urambo aliyekula mayai njia nzima na kunieleza ndoa za watoto wake saba. Sikio la kulia lilikataa kuchagua, likasikia zote. Kutoka Kigoma nimepanda gari dogo hadi Manyovu, kijana wa gari ananiita bibi kila baada ya neno moja. Bibi sogea, bibi shika hapa, bibi usilale. Nilimwambia nina jina.

Hapa kwa maafisa nimekaa kwenye foleni saa nzima. Aliyenihudumia ni kijana wa umri wako, amenyoa vizuri, hana haraka na chochote. Akafungua hati yangu, akauliza bila kunitazama, "Umewahi kuingia Burundi?"

Nikamwambia, "Kuingia sijawahi. Nimewahi kutoka tu."

Akaanza kucheka. Kisha akasoma kwamba nilizaliwa huku huku Burundi, na mwaka, akaacha kucheka. Alisimama, Agnetha. Amenigongea muhuri akiwa amesimama, na watu wote nyuma yangu wakaanza kunung'unika kwamba bibi huyu anachelewesha foleni.

Josepha